Shamba Lililobaki Kijani

Kasongo, 9 Juni 2024

Mdogo wangu Régina,

Kuna swali ambalo nimeshindana nalo tangu nilipokuwa mwanafunzi, na ambalo sasa nalifundisha bila kulijua jibu lake: mtu akilitazama jani kwa nje, atajuaje kama linavumilia au linashindwa? Muhogo ukikosa maji, huinamisha majani yake jua linapofika utosini, hufunga mapema vile vitundu vidogo vya kupumulia, kisha huyaachia majani ya chini yaanguke ili ya juu yaishi. Wanafunzi wangu huandika kwamba mmea unateseka. Mimi pia niliandika hivyo zamani. Lakini nimeona mimea iliyoinama ikaishi, na mingine iliyosimama wima ikafa imesimama. Dalili ya mateso na dalili ya ulinzi hufanana mno, na sina hakika kwamba sisi tunaoziandika tunazitofautisha.

Mvua ilikatika mapema mwaka huu, nasi tumeingia kiangazi na udongo uliokwisha kukauka. Nakuomba unisaidie. Chuma majani kutoka shamba la Mama na mashamba mawili au matatu ya jirani, ya chini na ya juu, saa za mchana. Yalaze kati ya karatasi, uyakandamize kwa kitu kizito, umpe Asani wa pikipiki anapokuja huku. Simu yako haipatikani. Asani anasema mnara wa Wamaza umekufa na hakuna anayejua utafufuka lini. Basi tuandikiane.

Nakutumia sabuni na chumvi. Msalimie Mama, umbusu Sonia.

Dada yako,
Ernestine


Wamaza, 23 Juni 2024

Yaya Ernestine,

Dada yangu, barua ilifika, sabuni ilifika, chumvi Asani alisema ilimwagika njiani lakini mfuko haukupasuka. Tumemsamehe.

Mama alisema nikuandikie maneno yake bila kupunguza: «Mwambie yule mwalimu, wenzake walisomea kutibu watu, yeye alisomea kuangalia sombe, majani ya muhogo. Aje basi ashike jembe.» Alicheka mpaka akakohoa. Iko muzima.

Majani njo haya, nimeyalaza ndani ya kalenda ya kanisa. Ya Jeannette, jirani yetu, ni yale matatu madogo ya manjano, sababu shamba lake limebaki fimbo. Kila mahali iko hivyo. La Mama peke yake iko kijani. Watu wanapita wanasimama. Juzi baba mumoja alimuuliza, «Mama Victorine, wewe unamwagilia na machozi ya nani?» Mama akamujibu, «Ya mama mukwe wako. Tangu umuoe binti yake hajanyamaza.» Yule baba aliondoka anacheka peke yake njiani.

Kijito chetu kimekuwa rangi ya chai ya maziwa, sababu ya watu wanaosafisha dhahabu kule mbele. Wanawake hawaloweshi tena muhogo pale, wanaogopa ile matope. Sisi hatuna shida. Muhogo wa Mama ni ule mutamu wa siku zote, hauombi kuloweshwa: tunamenya, tunapika, tunakula. Sonia wangu anatafuna hata mubichi akitoka masomo. Samaki hakuna, maharagi yamekwisha, lakini bukari, ugali ya muhogo, iko kila siku, na wengine hawana hata ile. Baba Sonia bado iko Salamabila kwenye machimbo.

Mudogo wako,
Régina


Kasongo, 5 Julai 2024

Mdogo wangu Régina,

Majani yamefika salama, na nimekaa nayo kwa furaha ambayo labda haistahili mwaka kama huu. Ya jirani zenu yanasema kile nilichotarajia: mmea uliokata tamaa ya majani yake ili uokoe shina. Ya Mama yanasema jambo jingine. Ni membamba kidogo kuliko kawaida, lakini ni mazito, rangi yake imekolea, na hakuna dalili ya ugonjwa. Mmea huu umepata njia ya kukaa na kiu bila kujivua nguo.

Nimezoea kuogopa hitimisho linalokuja upesi, kwa hiyo naandika kwa tahadhari: majani peke yake si shamba. Hata hivyo, kwa niliyoyaona, ningesema muhogo wa Mama ndio wa kutegemewa mpaka mvua irudi. Endeleeni kula huo. Na mvua zikikaribia, Mama awagawie majirani vipande vya shina wapande. Mbegu yenye uvumilivu kama huu si ya kubaki katika ua mmoja.

Mwambie Mama kwamba mwalimu wa sombe amempa alama za juu.

Ernestine


Wamaza, 18 Agosti 2024

Yaya Ernestine,

Nakuuliza kitu, na unijibu upesi, Asani anarudi Kasongo kesho.

Kuna mutoto wa jirani, wa Jeannette. Alikuwa anacheza kama wote. Siku moja alienda kuteka maji na wenzake, akarudi amebebwa. Miguu yote mbili imekazana kama imefungwa kamba. Hana homa. Anaongea muzuri, anakula, anauliza masomo itaanza lini. Akisimama anasimama na ncha ya vidole, magoti yanagongana, anaanguka. Watu wanasema polio, lakini alipata matone, Jeannette ana karatasi yake. Wengine wanasema mambo mengine.

Ni nini? Na inarudi? Mutoto atatembea? Uniambie kama inarudi.

Tuko wazima.

Régina


Kasongo, 27 Agosti 2024

Mdogo wangu Régina,

Mimi si daktari, na nilimtafuta mmoja kabla ya kukujibu. Alisikiliza maelezo yako mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: «Wanakula nini huko?»

Anadhani ni konzo. Neno hilo limetoka kwa watu wa Kwango, ambako ugonjwa huu umejulikana muda mrefu. Humpata ghafla mtu, mara nyingi mtoto au mama, ambaye kwa majuma mengi amekula muhogo wenye sumu usiotayarishwa vya kutosha, bila samaki wala maharagwe wala nyama. Sumu hiyo iko katika kila muhogo, kwenye majani na kwenye mzizi, na kiangazi kinapokaza, mmea huiongeza. Huo pia ni ulinzi wake. Hata muhogo mtamu unaweza kugeuka.

Umeniuliza kama inarudi. Sitakudanganya: miguu hairudi kuwa ilivyokuwa. Haizidi kuharibika kama sumu ikikoma, na akili haiguswi. Mtoto atajifunza kutembea na fimbo.

Kwa hiyo mwambie Jeannette bila kumzungusha. Yeyote anayempikia mtoto yule anamlisha sumu bila kujua, na kila sahani anayompa sasa inaongeza hatari. Muhogo uloweshwe mpaka ulainike. Ikiwa kijito hakifai, unga ulowanishwe kwa maji kidogo, utandazwe mwembamba juu ya mkeka, uachwe juani saa kama mbili ndipo upikwe.

Na jambo moja linanisumbua tangu jana, nikiisoma tena barua yako ya Juni. Uliniandikia kwamba ninyi hamloweshi. Niliisoma sentensi hiyo na nikaipita, kwa sababu nilikuwa nikitafuta majani. Onjeni mizizi ya Mama kabla ya kupika. Nijibu mara moja.

Ernestine


Salamabila, 15 Septemba 2024

Shemeji Ernestine,

Mimi ni Salomon, bwana ya Régina. Sijazoea kuandika, unisamehe mwandiko. Nilikuwa Wamaza juma lililopita, sasa nimerudi machimboni sababu bila hivyo hawatakula.

Shemeji, mutoto wa Jeannette anakimbia. Anapanda miti, anaiba mapera ya watu. Aliyeshikwa miguu ni Sonia.

Régina hakutaka ujue. Nilipomugombeza alisema, «Yaya akijua ni Sonia atanionea huruma. Mimi nilitaka ukweli ule anaowaambia watu wengine.» Umemupa. Ile barua yako ya mwezi wa nane anaiweka ndani ya kitambaa kichwani, hata akilala.

Sasa kuna shida kubwa. Shangazi zangu walitoka Lusangi kuona mutoto. Walifika, wakaona mashamba ya watu yote yamekauka na la mama mukwe liko kijani, wakaona mutoto hana miguu. Wakasema njo hiyo. Wanasema Mama Victorine alizika nguvu ya miguu ya Sonia ndani ya lile shamba ili limee. Shangazi mukubwa alimuambia usoni: «Wengine wanaweka mavi ya mbuzi, wewe umeweka mujukuu.» Mama alimuangalia tu, akamuuliza kama anataka maji ya kunywa. Wanataka atoke ndani ya nyumba yangu, wamupeleke kwa mutumishi wa Mungu mumoja anayefungia wazee ndani ya chumba cha maombi bila chakula mpaka wakubali kuwa ni wachawi. Mmoja wa kule hakutoka muzima.

Nilisema tusome barua yako mbele ya jamaa. Régina alikataa, akalia. Alisema hivi: «Wakimwita mchawi, Mama anajua ni uongo, anaweza kuishi nayo. Tukimsomea barua ya yaya, ataamini ni yeye.»

Kikao cha jamaa ni mwisho wa mwezi. Wewe ni mukubwa wao. Uamue wewe.

Mutoto, ugonjwa ilianza kumushika mwisho wa mwezi wa saba, njo wanavyoniambia. Mimi sikuwepo.

Salomon


Kasongo, 22 Septemba 2024

Régina,

Nimeandika barua hii mara kadhaa na kila mara nimeanza kwa kukuomba msamaha, kisha nikaona kwamba msamaha unachukua nafasi ya maneno mengine. Sonia. Sikujua nilikuwa nikizungumza juu yake. Wala sidhani kwamba ningejua ningeandika vizuri zaidi. Huenda ningeandika kwa upole, nawe ungepoteza siku nyingine.

Nimeamua isomwe. Sina hakika. Nimejiuliza kama mtu ana haki ya kumwokoa mama yake na uongo kwa kumpa ukweli mzito kuliko uongo wenyewe. Lakini kile chumba cha maombi hakimwachi mtu aishi na uongo, humfanya aukubali. Ndiyo sababu yangu, na kama nimekosea, kosa ni langu. Isome wewe, si mwingine. Nami nimepata gari la daktari litakalokuja huko katikati ya Oktoba. Halina nafasi mapema zaidi, na pikipiki ya Asani imekwama Salamabila kwa kukosa mnyororo. Barua hii inaletwa na mwenzake.

Haya ndiyo ya kusoma:

«Kwa jamaa wa Salomon na jamaa wetu. Mimi Ernestine, binti mkubwa wa Mama Victorine, nafundisha kilimo hapa Kasongo. Shamba la mama yangu halikubaki kijani kwa sababu ya mtu. Muhogo unapokosa maji hujilinda: mmoja huangusha majani, mwingine huyashika. Na unapojilinda huongeza uchungu wake ndani, hata ule tuliouzoea kuwa mtamu. Kijito kilipochafuka, njia ya kuutoa uchungu huo ilipotea, na chakula kingine hakikuwepo. Mtoto alikula kama sote tulivyokula tukiwa watoto, kutoka shamba lilelile. Mama yangu alimpikia kwa sababu alikuwa na njaa. Na mimi, nilipoletewa majani, niliyasifu, nikaandika kwamba huo ndio muhogo wa kutegemewa. Mama hakufanya lolote ambalo mimi, niliyesoma, sikumwambia afanye. Anayetafuta wa kulaumiwa aandike jina langu kwanza.»

Mshike Mama mkono unaposoma.

Ernestine


Wamaza, 6 Oktoba 2024

Yaya,

Tulisoma.

Nilisoma nimesimama, Mama amekaa kwenye kiti cha Salomon, mikono juu ya magoti. Sikumushika mukono, unisamehe. Mikono yangu yote mbili ilikuwa na karatasi.

Nilipomaliza, shangazi mukubwa alisema, «Watu wa masomo wana maneno.» Shangazi mudogo akamwambia, «Dada, na sisi kule Lusangi tunakula nini sasa? Si muhogo bila kulowesha?» Waliondoka kesho yake asubuhi. Hawakuomba radhi, lakini yule mudogo aliniuliza kando ile habari ya mukeka na jua, nikamuonyesha. Habari ya mutumishi imekwisha.

Mama hakusema kitu kikaoni ila kimoja. Alisema, «Hapo kuna uongo. Mutoto alianza kukokota miguu kabla ya ile barua ya sifa kufika. Niliona mimi, nikafikiri ni miba. Musiweke jina la Ernestine.» Kisha akauliza kama watu wamekula.

Asubuhi ile shangazi walipoondoka, na Mama alitoka na panga. Nilifikiri anaenda kuni. Jeannette njo alikuja kuniita. Alikuwa anang'oa, yaya. Shina kwa shina. Nilimwambia, «Mama, acha, tutakula nini? Tutalowesha, tutatandaza, yaya ametuonyesha njia.» Akashika shina lingine. Sonia alikuwa amekaa mulangoni na fimbo zake, anaita, «Bibi, wacha ile ya pembeni, ile ni yangu!» Ile ya pembeni alipanda yeye mwenyewe mwaka jana. Mama aling'oa na ile.

Mpaka saa sita shamba lilikuwa chini. Mizizi mikubwa, mizuri, sijaona kama ile mwaka huu wote. Na watu walikuwa wamesimama njiani na vikapu. Hawakuingia kwanza. Kisha mumoja aliingia, kisha wote. Nililia, nikasema iko na sumu, wote mumesikia barua. Mama mumoja akaniambia, «Dada ya mwalimu, sumu inaua kesho. Njaa ni ya leo.» Mwingine alisema nina wivu. Walibeba yote, mpaka ile myembamba kama kidole, mpaka majani. Yule baba wa machozi ya mama mukwe alibeba kikapu mbili, na hakuweza kuniangalia.

Nimepita nyumba kwa nyumba kuonyesha njia ya mukeka. Wengine wanafanya. Wengine wananiambia ndiyo, na moshi ya jiko iko inapanda.

Mama hali bukari tena. Anapika, anatoa, anamuangalia Sonia anapokula, yeye anakunywa maji. Tumepata maharagi kidogo kutoka misheni, anampa Sonia yote. Kuja.

Régina


Kasongo, 24 Novemba 2024

Mdogo wangu Régina,

Gari lilinirudisha salama, na tangu siku hiyo sijaweza kukuandikia. Nilipokuwa kwenu tulizungumza juu ya yote ila moja. Ulikuwa ukiosha vyombo, nami nilikuwa nimekaa nyuma yako, na nadhani sote wawili tulijua ni lipi.

Kwanza yale ninayoweza kuyasema. Daktari ameniambia tena kwamba miguu ya Sonia haitazidi kuharibika. Fimbo zake ni fupi, atengenezewe nyingine. Mama amekonda kuliko nilivyokubali mbele yako, na uji anaokunywa haumtoshi, lakini anakunywa. Nilijaribu kumwambia kwamba yeye hana hatia. Alinijibu, «Umekuja kunipa alama tena?» Hakuwa akicheka.

Sasa yale nisiyoweza. Wenzangu hapa wameniomba niandike taarifa kuhusu muhogo ule, na nimeshindwa. Sina mzizi hata mmoja uliopimwa. Ninayo majani yaliyokaushwa ndani ya kalenda, na majani hayo yalikwisha kunidanganya, au mimi niliyauliza jambo lisilo lao. Nasema sumu ilipanda kwa sababu ya kiangazi, nami naliamini hilo, lakini shamba lililoweza kunithibitishia lilikwisha kuliwa. Kama ushahidi upo, upo katika miili ya watu wa Wamaza, na naomba usionekane.

Lakini hilo ni la kazi. Lililo letu ni tarehe. Salomon aliandika kwamba mtoto alishikwa mwisho wa Julai, baada ya barua yangu. Yeye hakuwepo. Mama alisema mbele ya watu kwamba ilikuwa kabla, naye alikuwepo. Lakini Mama angeweza kusema hivyo ili anivue mzigo, hata kama angebaki amevaa wote peke yake. Na wewe, uliyemvalisha Sonia viatu kila asubuhi, uliniandikia mwezi wa nane bila kutaja siku, na ulipoisimulia kauli ya Mama uliiandika kama ilivyo, hukuongeza neno.

Wewe ndiye unayejua. Sitakuuliza. Si kwa sababu naogopa jibu, ingawa naliogopa. Ni kwamba ukisema kabla, utakuwa umemwacha Mama na mjukuu wake peke yao ndani ya lile shamba. Ukisema baada, utakuwa umenipoteza mimi. Nami sioni kwa haki gani nikulazimishe kuchagua, wewe ambaye kila siku unamwinua Sonia kitandani.

Mvua imenyesha hapa tangu juzi. Sijui kama imefika huko.

Ernestine